Uzi Ulipoisha Salamabila

Asubuhi ile nilikuwa nagombana na yaya Pascal, kaka yangu mkubwa, mchimbaji wa dhahabu. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha kituo cha afya nilikofanya kazi ya uuguzi, anabandika kandambili iliyokatika kwa gundi ya supaglu, kana kwamba Salamabila nzima haina mahali pengine pa kukaa.

"Yaya, toka hapo! Nimepiga deki sasa hivi."

Alicheka. Ndipo tukasikia risasi upande wa machimbo.

Alikimbia kuwatafuta wenzake. Alisahau kichupa chake cha supaglu.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa na majeruhi kumi na mmoja. Uzi wa kushonea uliishia kwa mtu wa nne. Njia ya Kasongo, zinakotoka dawa zetu, ilikuwa imefungwa.

Mwanamke mmoja alikuwa amekatwa kidogo kwenye paji la uso. Nilimwosha kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, nikabana ngozi kwa vidole, nikapaka supaglu ya Pascal juu ya mstari wa kidonda, si ndani. Ikashika.

Watu wengi walikuwa wanatazama. Waliona gundi. Sabuni hawakuiona.

Kesho yake kila mtu alikuwa na kichupa. Walikuja na mapaja yaliyopasuliwa kwa panga, yamegandishwa pamoja na matope. Nilifoka mpaka sauti ikakauka.

"Hii ni ya mukato mudogo tu! Na muoshe kwanza!"

"Mama muganga, si wewe ulianza?"

Nikachukua sabuni, nikaanza kubandua gundi.

Siku ya nane Pascal alirudi kutoka porini, upande wa Wamaza. Muundi wake, uliokatwa kwa panga na kubandikwa kwa gundi, ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa.

"Tulisikia habari ya gundi yako mupaka kule porini. Ilishika muzuri," aliniambia.

"Uliosha?"

"Na maji gani, mudogo wangu? Tulikuwa tunakimbia."

Nilifungua kidonda. Ndani mlikuwa na udongo na usaha.

Jioni taya lake lilikakamaa.

Pepopunda. Sikuwa na dawa.

Alfajiri tulimweka kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mimi, tumpeleke hospitali. Alifariki kabla hatujafika Lusangi, na huko ndiko tulikomzika.

Waliomkata sikuwahi kuwaona, kwa hiyo hasira yangu yote imebaki kwa yaya na kwangu mwenyewe. Mpaka leo naletewa vidonda vilivyogandishwa pamoja na uchafu wake, nami bado nafoka.

Mama yetu huniuliza kama Pascal angepona iwapo angenifikia siku ileile aliyokatwa. Namjibu kwamba ningemwosha kwanza, na huenda angepona.