Apolonia na Mama wa Kichuguu

Shemeji yangu Apolonia aliolewa kwetu Lagangabilili akitokea Nassa, wakati ushirika bado unanunua pamba yetu. Miaka sita baadaye ushirika ulikuwa umekufa, na yeye hakuwa na mtoto.

Alichokuwa nacho ni kuku. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu, na kila jioni Apolonia alifunika tundu lake kwa chungu kibovu kilichojaa mabua na samadi. Asubuhi alikifunua, mchwa wamesongamana ndani, akawamwagia vifaranga. Hakuruhusu mtu apige jembe pale. "Mama wa hawa mchwa akifa," alisema, "na sisi tumekwisha." Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyonilipia mwaka wa mwisho wa chuo cha kilimo.

Niliporudi likizo mwaka 1996, nilikuta dada yetu mkubwa Wilhelmina, mama wa watoto wanane, amemleta Bujiku.

Bujiku alikuwa karani wa mizani wa ushirika, mtu wa kalamu sikioni. Kituo kilipofungwa hakurudi shambani. Alianza kuchimba malkia wa mchwa na kuwauzia wanawake wasiozaa, wawameze kama dawa ya uzazi. Soko huria, alisema, kila mtu auze alichonacho. Yeye aliuza hofu za wenzake.

"Wifi, leo unameza," Wilhelmina alisema. "Usipomeza, kesho unarudi kwenu Nassa, na ng'ombe wetu wa mahari wanarudi hapa."

Kaka yangu Jilala, mume mwenyewe, alikaa kwenye kigoda akitazama miguu yake.

Bujiku alikivunja kichuguu mpaka akafika kwenye chumba cha udongo mgumu. Akakipasua. Malkia alikuwa mnene kama kidole gumba, mweupe wa usaha, ngozi imetanuka mpaka vya ndani vinaonekana vikisukasuka. Kichwa kidogo cha mchwa wa kawaida kilikuwa kama kimebandikwa mbele ya mfuko ule. Hata kiganjani mwa Bujiku aliendelea kutaga.

Bujiku alimfuta malkia kwa pindo la kanga ya Apolonia, akalilaza pindo chini. Mchwa wakaacha magofu yao, wakaja kulilamba.

"Mnaona! Wanamjua mwenye uzazi. Mayo," akamwita Apolonia mama kwa Kisukuma, "sasa na wewe ni mama."

Wilhelmina akapiga vigelegele. Sikuweza kunyamaza.

"Hiyo harufu ya malkia kwenye kanga ni tangazo," nilisema. "Inawaambia: mama yupo, anataga, ninyi wengine msizae. Ndiyo maana maelfu yote haya hayatagi. Kwa binadamu haifanyi lolote. Na kama ingefanya, ingemfunga kizazi!"

"Miaka mitatu chuoni," Bujiku akacheka, "unasoma matako ya mchwa?"

Wote walicheka isipokuwa Apolonia.

"Shemeji amesema kweli," alisema. "Miaka sita nawatazama hawa. Wanabeba, wanajenga, wanalisha, hakuna anayezaa. Basi mpakeni wifi harufu hiyo, naye apumzike. Wa tisa yuko njiani."

"Meza!" Wilhelmina alifoka.

Apolonia alimchukua malkia, akaenda kupiga magoti mbele ya Jilala, kama anavyofanya akimpa chakula.

"Mtoto ni wa wawili, mume wangu. Ng'ata nusu, nusu nitameza mimi."

Yai moja lilidondoka kwenye goti la Jilala. Aliinuka, akakimbilia nyuma ya zizi, na sote tukasikia akitapika. Aliporudi alikuwa akifuta mdomo.

"Nisichoweza kula mimi, mke wangu hatakula. Na habari ya kurudishana kwao isitajwe tena hapa."

Apolonia alimtupa malkia uani. Kuku mwekundu akamdaka, akammeza kwa mikupuo miwili.

"Malipo yangu?" Bujiku aliuliza.

"Ya nini?" Apolonia alimjibu. "Nani ameila dawa yako?"

"Kuku wako," alisema Bujiku, akamkamata kuku yule miguu na kuondoka naye.

Tangu siku ile, kila asubuhi chungu kilitoka na mchwa wachache zaidi, mpaka kikatoka na samadi tupu. Apolonia alikibeba kichwani, akaenda ng'ambo ya mto kutafuta kichuguu kingine.

Wiki iliyofuata nilimkuta Bujiku mnadani Bariadi, kuku mwekundu kwapani, akizungumza na mwanamke mwembamba aliyevaa rozari.

"Huyu amemla mama wa mchwa mzima mzima. Ukimla huyu, ni mapacha."

"Mwongo!" nilipiga kelele. "Mama, huyu ni mwongo, nilikuwepo!"

Mwanamke alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Wewe kijana," aliniuliza, "umewahi kukosa mtoto?"

Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa hela.