Mguu Uliokuta Mtoto Amekua

Saa moja kasoro asubuhi, kabla mashine hazijaanza kupiga kelele, Mama Ratiba amesimama mbele ya ubao wa karakana, kadi ishirini na tatu mkononi. Kila kadi ni mtu mmoja anayesubiri mguu wa bandia. Anabandika, anabandua, anabandika tena.

"Dada, hizo kadi utazichakaza kabla hatujaanza kazi," fundi wa plasta anamtania, akifunga aproni.

"Heri zichakae kadi kuliko wanaosubiri."

Kazi yake ndiyo iliyompa jina: kuamua kipi kianze leo, kipi kingoje. Alijifunza kazi hiyo kwenye kiwanda cha sabuni, kwa miaka kumi na mmoja, na huko alisifiwa mpaka akavimba kichwa. Sabuni haimjui mtu. Unatazama mauzo ya mwezi uliopita, unajaza ghala mapema, basi.

Miaka miwili iliyopita alihamia hapa na mpango wake uleule. Akaagiza kazi zinazofanana zikusanywe mpaka zifike kumi, ndipo tanuri la plastiki liwashwe. Tanuri likaacha kuwaka ovyo, wakubwa wakafurahi. Mafundi wakanung'unika, na karakana yenyewe haijui kuweka siri.

"Nilimwambia, dada, huku hatupiki sabuni," anasimulia fundi wa plasta. "Akaniambia, kaka, wewe koroga."

"Nilisema hivyo," anakiri Mama Ratiba. Anacheka kidogo, kisha kicheko kinakatika chenyewe.

Mwaka jana ililetwa kadi ya binti wa miaka tisa. Bibi yake alimleta kwa mabasi mawili, akapimwa, wakaambiwa wasubiri. Kwa kuwa miguu ya watoto huja mmoja mmoja, kumi ilitimia baada ya miezi minne. Siku ya kuvaa, binti alikuwa amerefuka. Mguu ukawa mfupi kwa upana wa vidole viwili, na juu ukambana.

"Bibi hakugomba. Angegomba ningepumua," anasema Mama Ratiba, macho kwenye ubao. "Alisema, 'Tusamehe mwanangu, amekua.' Ananiomba radhi mimi, kwa kuwa mjukuu wake amekua."

Walirudi nyumbani na magongo yaleyale. Hawakuonekana tena.

Tangu hapo Mama Ratiba ameugawa ubao. Nyayo na magoti, ambayo hufanana, hutengenezwa mapema na kuwekwa rafuni. Sehemu inayoshika mwili wa mtu huanza siku anayopimwa, na kadi za watoto hukaa mbele. Mguu wa mtoto sasa hutoka ndani ya siku kumi na mbili. Kila mwisho wa mwezi meneja humuuliza kwa nini tanuri linawaka mara nyingi, naye hujibu yaleyale: watoto hawaachi kukua.

Wiki iliyopita mwalimu wa yule binti alipiga simu. Bibi alifariki miezi miwili iliyopita. Mtoto yuko kwa shangazi yake. Shule ameiacha, njia ni ndefu na magongo yamemshinda.

"Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia bibi," anasema Mama Ratiba. "Sasa nitamwambia nani?"

Kwa kawaida mgonjwa ndiye huja karakanani. Jumamosi hii yeye na fundi wa plasta watapanda yale mabasi mawili, kisha watembee mpaka kwa shangazi, na bendeji za plasta za kuchukulia umbo la mguu kwenye mfuko.

"Na shangazi akitufukuza?" fundi anauliza.

"Tutakaa nje mpaka achoke kutuona." Anaandika kadi mpya, anaibandika mwanzo kabisa wa ubao. "Jumatatu asubuhi washeni tanuri. Hata kama ni kwa mguu huo mmoja tu."