Vidonge Viwili vya Kinama

Muuza dawa wa mtaa wa Kinama ana mikono safi kuliko ya daktari, na mkasi wake mdogo huning'inia shingoni kwa kamba. Mwenye kikohozi, mwenye kuhara, mwenye kidonda, wote huwakatia vidonge viwili vya antibiotiki, vyekundu kwa vyeusi, bila kuuliza ugonjwa ulianza lini. "Mbili tu, mama, kesho atakuwa muzima," husema kwa upole. Vita vikiwa vimefunga njia ya mjini, watu humshukuru. Fadhila alimshukuru mara nne mwaka ule wa tisini na tisa, kila mara mguu wa mwanawe Sami ulipotoa usaha. Ulikauka siku mbili, kisha ukarudi kuoza zaidi.

Njia ilipofunguliwa, alimbeba Sami mgongoni hadi zahanati. Muuguzi akasema vijidudu vimeizoea dawa ile, haiviui tena. Imebaki sindano ya hospitali, ikipatikana. Isipopatikana, mguu utakatwa. Kisha akamwita mgonjwa anayefuata. Akasimama muuza dawa, amempakata binti yake anayehema kwa homa.

"Dada, muandikie dawa ya siku saba zote," alimsihi muuguzi. "Usipunguze hata moja, utaniharibia mutoto."

"Kumbe unajua!" Fadhila akapaza sauti. "Wa kwako siku saba, wangu vidonge viwili?"

Yule bwana akamfunika binti yake kitenge hadi kidevuni, taratibu.

"Mama Sami," akajibu, "mi nauzisha tu ile munaombaka."