Mchicha wa Siku ya Kufungua Shule

Mchicha, ukisia mbegu zake leo, baada ya wiki tatu unakula. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu usipoijua unaweza kunionea huruma nisiyostahili.

Miaka ile, mwanzoni mwa tisini, nilikuwa nafundisha sayansi kimu katika shule ya msingi huko Tabata, juu kidogo ya bonde. Jiko la shule lilikuwa mikononi mwangu. Jumanne na Alhamisi watoto walikula ugali na mchicha wa nazi, na mchicha wenyewe ulitoka hatua chache tu kutoka jikoni, kwenye matuta ya bibi mmoja mjane. Makubaliano yalikuwa mepesi: analima kipande cha ardhi ya shule na kuchota maji kwenye kisima chetu, naye siku hizo mbili anatupa mboga. Siku nyingine anauza sokoni.

Mchicha huvunwa kwa namna mbili. Ukichuma ncha, unachipua tena, na utaendelea kuchuma muda mrefu. Ukiung'oa na mizizi yake ukiwa bado mchanga, unapata mboga laini kuliko zote, lakini tuta limekwisha. Kila shule ilipofunguliwa, bibi aling'oa. Alisema watoto wametoka likizo, wapokelewe na kitu laini. Kwa hiyo alihesabu wiki tatu kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua, akasia siku hiyohiyo, si kabla wala baada.

Desemba moja, kabla hatujafunga, kamati ya shule ilikaa. Biashara zilikuwa zimeruhusiwa, kila baraza limegeuka duka, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameomba jiko letu auzie chipsi, maandazi na soda. Angepaka rangi madarasa yote. Wazazi wengi walifurahi, kwani kuchangia unga kulikuwa kumewachosha. Sikuwalaumu, na hata sasa siwalaumu. Kikao kilipokwisha mwalimu mkuu akanigeukia, akasema mimi ndiye niliyezoeana na bibi, basi nimwambie asipande tena kwa ajili yetu.

Nilikubali. Kueleza ndiyo kazi yangu. Mtoto aliyeshindwa hesabu za sehemu nilimkatia chungwa mpaka akaelewa. Lakini siku ya kwanza nilimkuta bibi ana wageni. Siku ya pili alinifungia bamia kwenye kanga, za kwanza kuvuna, nikashukuru, nikaondoka nazo. Kisha nikajiambia huenda kamati itabadili mawazo. Shule ikafungwa.

Katikati ya likizo nilipita pale nikielekea sokoni. Matuta yalikuwa yameota kijani, na bibi alikuwa anamwagilia kwa debe lililotobolewa matundu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu," akasema. "Umeuona? Safari hii watalamba sahani."

Nikausifu. Halafu nikachukua debe lake la pili, nikamwagilia tuta zima mpaka mwisho, naye ananitania kwamba natembea kama ninayeogopa kuamsha mdudu. Tulicheka. Nikaaga, nikaenda zangu.

Siku ya kufungua alikuja na tenga kichwani, akarudi akaleta la pili. Alikuwa amewakatalia wachuuzi alfajiri ile. Jiko lilikuwa limepakwa rangi ya bluu, limetobolewa dirisha la kuuzia, na mafiga yametolewa nje.

"Mmehama jiko kimyakimya," akaniambia. "Au mnaogopa nitadoea?"

Hapo ndipo nilipoeleza. Nilieleza vizuri sana: kamati, unga, wazazi, mfanyabiashara, rangi. Alinisikiliza kama mwanafunzi mzuri, bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Ulijua lini, mwalimu?"

"Kabla hatujafunga."

Aliyatazama matuta yake, udongo mtupu.

"Siku ile unamwagilia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, bibi."

"Si ungepita tu. Kumwagilia kwa nini?"

Jibu nimelitafuta miaka yote hii. Kila ninalopata linanitetea, kwa hiyo nalitupa.

Kengele ya mapumziko ikalia. Wenye hela wakapanga foleni dirishani. Wasio nazo, na walikuwa wengi, walikaa barazani kama walivyozoea, wakisubiri sahani. Bibi akapita mbele yao, akampa kila mmoja fungu, akiwaelekeza wampelekee mama nyumbani na wakipita bombani waunyunyizie maji. Matenga yakaisha. Akayabeba, akaondoka.

Mchana ule nilifundisha darasa lenye mchicha juu ya madawati. Kulikuwa na joto. Majani yakaanza kulegea, kisha yakalala, na kila nilipogeuka kutoka ubaoni nilikuta watoto wameyaficha chini ya daftari yasikauke. Msichana mmoja aliniuliza kama akiyaloweka yataamka. Nikamwambia ajaribu, mengine huamka.

Bibi aliendelea kulima pale mwaka mmoja zaidi, akiuza sokoni tu. Nilipita karibu kila siku na kumwamkia. Alinijibu daima, kwa upole, bila kununa.

"Marahaba," alisema. Neno "mwalimu" hakuliongeza tena.