Moto wa Mugumo

Nilipokuwa mtoto huko Ruiru, miaka ya tisini, theluji tuliisikia tu, lakini baridi ya Julai tuliijua hadi kwenye mifupa. Ukungu uliyafunika mashamba ya kahawa tangu usiku, na sisi watoto wa vibarua tulienda shule miguu peku, tukitoa mvuke mdomoni na kujifanya tunavuta sigara. Wapo wanaocheka wakisikia Kenya kuna baridi. Waje Julai.

Mwalimu Nyokabi, aliyetufundisha darasa la pili, hakuona maana ya kusoma baridi ubaoni. "Haya, twendeni nje tuione," alisema asubuhi moja. Alituonyesha umande kwenye utando wa buibui, akatuuliza sisimizi wamejificha wapi, akatuacha tukimbizane kwenye nyasi zilizolowa. Tulipiga kelele kama wehu. Muthoni peke yake, jirani yangu niliyekaa naye deski moja, alisimama akitetemeka, meno yakigongana.

Si kwamba hakuwa na sweta. Mama yake alikuwa amemfumia moja nzito, nyekundu. Lakini sare yetu ilikuwa ya buluu, na siku chache kabla, pale paredi, mwalimu mkuu alimvua sweta hiyo mbele yetu sote na kuifungia kabatini. "Hapa si sokoni," alimwambia. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya koti. Mwalimu Nyokabi alienda kuiomba, akarudi mikono mitupu.

Basi asubuhi ile aliokota vijiti vikavu chini ya mti mkubwa nyuma ya shule, akawasha moto. Mti wenyewe ulikuwa mugumo. Cucu, yaani nyanya yangu, alikuwa ametuonya mara nyingi kwamba pale wazee waliomba Ngai, Mungu wetu, na kuni zake haziwashwi. Nikaogopa.

"Mwalimu, cucu anasema huo moto lazima udai mtu."

Alinitazama huku akimfunga Muthoni leso yake mwenyewe. "Ngai hawezi kukasirikia mtoto anayeota moto," akasema. "Kuja pia wewe, uote."

Tuliota wote. Muthoni aliacha kutetemeka, hata akacheka.

Wiki iliyofuata alianza kukohoa. Mama yake alimbeba mgongoni hadi hospitali Thika, wakaambiwa ni nimonia, na wamechelewa. Tulimzika kabla shule haijafungwa.

"Si nilisema?" cucu alilia akijipiga mapaja. "Si nilisema huo moto utadai mtu?" Na mtaa mzima ukasema naye. Wazazi walikataa kuleta watoto shuleni mpaka Mwalimu Nyokabi aondoke, akaondoka na sanduku lake, bila mtu wa kumsindikiza. Wazee walichinja kondoo chini ya mugumo kutakasa mahali. Mwalimu mkuu alihudhuria, tena akatoa hotuba ndefu kuhusu kuheshimu mila. Ile sweta alikuwa ameshamkabidhi mama Muthoni siku ya mazishi, imekunjwa vizuri. Mama wa watu akasema asante.

Kwa miaka mingi niliupita mti ule mbio. Kisha nikakua, nikapata watoto wangu, na hofu ikageuka hasira ambayo haijapoa hadi leo. Siku moja, cucu akiwa mzee sana, nilimuuliza nikimmiminia chai: kweli aliamini ni mugumo uliomuua Muthoni?

Alitazama mlango kana kwamba kuna mtu anasikiliza.

"Hata sisi tulijua nani aliivua ile sweta," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unasoma pale, na dada zako. Mti haufukuzi mtoto wa mtu shule."

Nilimpenda sana cucu yangu. Lakini niliweka birika chini, nikatoka nje, na sikuweza kurudi kuketi naye siku hiyo.