Sauti ya Mzee Kengele Ndani ya Gemu la Mieleka

Mimi si mtu wa kelele. Najua ni ajabu kulisikia hilo kwa mtu anayeishi kwa kurekodi sauti, lakini ndivyo nilivyo. Napenda sauti zikae mahali pake, na mtu anayepiga makelele ovyo hunipandisha mori. Ndiyo maana meneja wetu aliponiambia kwamba ningekaa wiki tatu na mtangazaji wa mieleka, nilimwuliza kama kuna jambo nililomkosea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inamalizia gemu jipya la mieleka, la kuchezwa kwenye runinga kwa pedi ya mikononi. Gemu likishatoka, mchezaji angeweza kupakua vitu vya ziada: mavazi mapya, ulingo wa kizamani wa mbao, wanamieleka waliostaafu na, kama mambo yangekwenda sawa, utangazaji wa Kiswahili. Kwenye hiyo "kama" ndipo palipokuwa na shughuli. Kampuni ingealika wachezaji ishirini waje kulionja gemu kabla halijatoka, na kila mmoja angekuwa na hiari ya kuuwasha utangazaji wetu au kuuzima. Wakiuwasha chini ya nusu, kifurushi chetu kingetupwa na habari ingeishia hapo.

Mtangazaji alifika Jumatatu asubuhi, amevaa koti la kijani na tai, viatu vimeng'arishwa hadi nikajionea aibu na ndala zangu. Watu walimwita Mzee Kengele. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipiga kengele ya kuanzisha pambano kwenye ukumbi mmoja wa mieleka, kisha anaruka kwenye kiti chake na kutangaza mpaka mwisho. Ukumbi ulifungwa miaka miwili iliyopita, siku hizi unahifadhi vigae. Tangu hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mzima wa mwili na mgonjwa wa mdomo.

"Binti yangu," aliniambia huku akinishika mkono kwa mikono yake miwili, "mimi nyumbani nimeshatangaza mpaka kuku wa jirani. Hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Wakiikataa sauti hii, narudi kunyamaza."

Nikamwambia asimame hatua moja kutoka kwenye maikrofoni. Niseme ukweli, sikuguswa. Nilikuwa nimependekeza mwigizaji kijana wa redio, mtu wa sauti laini, na meneja hakunisikiliza.

Tulipoanza, nikaona nilikuwa na haki. Nilimpa karatasi zenye sentensi elfu mbili na zaidi: mtu anarushwa, mtu anakabwa shingo, mtu anaamka, mtu anashinda, na kila tukio liliandikwa namna tatu au nne ili gemu lisichoshe. Mzee akazisoma kama anayesoma tangazo la msiba. "Ameshindwa," alisema kwa sauti baridi, akageuza karatasi. "Ameshinda." Nilimwomba aongeze moyo. Akaongeza sauti, si moyo, na sindano za kupimia sauti kwenye mashine yangu zikagonga mwisho.

Wakati wa chai akanieleza kinachomsumbua. Katika mieleka ya maonyesho, nani atashinda hupangwa mapema. Wapiganaji wanajua, refa anajua, hata muuza tiketi anajua. Yeye peke yake alikataa kujua. Waandaaji wakianza kuongea naye nyuma ya pazia, alikuwa anaziba masikio na kuondoka. Kwa hiyo mtu alipoangushwa, mshtuko wake ulikuwa wa kweli, na mtu wake akishinda, machozi yalikuwa ya kweli.

"Sasa hapa," alisema, akizigonga karatasi kwa kidole, "kila kitu nimeshaambiwa. Na humo ndani hakuna mtu. Namtangaza nani, maikrofoni?"

Jumanne ilikuwa mbaya zaidi. Jumatano alikuja na mkewe.

Mama huyo alikuwa mfuaji wa hospitali, amestaafu juzijuzi tu. Mabega yake mapana na mikono yake vilikuwa vya mtu aliyebeba mashuka mabichi maisha yake yote. Alikuwa hajawahi kumwona mumewe akiwa kazini, maana mapambano yalikuwa ya Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kufua. Akakaa karibu nami nyuma ya kioo, mkoba mapajani, akasikiliza dakika kumi.

"Ndiyo hii?" akaniuliza. "Hii ndiyo iliyokuwa inajaza watu?"

"Ndiyo hii, mama."

Akaweka mkoba chini, akafungua mlango wa chumba cha kurekodia bila kuniomba ruhusa. Kuta za chumba chetu tumeziegemezea magodoro ya zamani ili sauti zisijirudie. Mama akalikamata moja kwa ncha zake mbili, akalivuta katikati ya chumba, akavua viatu.

"Baba watoto," akasema, "tazama mimi. Achana na makaratasi. Sijui nitashinda au nitashindwa."

Akalivamia.

Nilitaka kuingia kuwatoa wote wawili, maana godoro ni mali ya studio na vumbi ni adui wa maikrofoni. Lakini kabla sijainuka, sauti ya mzee ikanijia kwenye hedifoni na nikakaa chini. Jamani! Mtu yule alikuwa amefichwa wapi siku zote? Alimtangaza mkewe akilikaba godoro, akalitangaza godoro lilipomrudi, akauliza refa yuko wapi, akawasihi watu wasisimame kwenye viti. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi kwa kuchelewa, na mpaka leo nazililia zile sekunde kumi na tano za kwanza.

Tukaendelea hivyo kwa wiki mbili. Kila asubuhi mama alikuja na suruali ya mazoezi ndani ya mkoba, nami nilimsomea mzee sentensi za karatasi moja moja kupitia hedifoni zake. Waliitana "baba watoto" na "mama watoto", hata katikati ya vumbi. Siku nyingi mama alishinda. Siku mbili godoro lilishinda, tena waziwazi. Siku moja kati ya hizo, lilimwangukia akabaki chini yake akihema, na mzee akaacha kutangaza. Nilidhani amechoka, nikavua hedifoni kabla ya kuzima mashine, tukaenda kunywa chai.

Baadaye nilibaki na vipande vya sauti elfu nne na mia tatu vya kupanga. Kila kimoja lazima kiingie kwenye jalada lake, ili gemu lijue kisemwe wakati gani. Hapa nakiri kosa, na ni kosa la mtu wa kazi yangu tu. Ukishachoka, husikilizi kipande kizima. Unasikia neno la kwanza, unajua kinakwenda wapi, unakitupa huko. Kinachoanza na "Anarushwa" huku, kinachoanza na "Inuka" kule kwa waliolala chini. Nikamaliza siku moja kabla ya muda, nikajisifu.

Siku ya kulionja gemu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulipanga runinga ishirini kwenye ukumbi wa chini, na wageni wakaja: mwandishi wa gazeti, mwalimu wa hesabu, wenye mabanda ya gemu, dada wawili wanaouza simu, na bingwa mmoja anayeitwa Vidole, kijana mkimya asiyependa kusumbuliwa anapocheza. Mwakilishi wa kampuni, mama mpole mwenye daftari, alikaa kando yangu. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na taa ishirini ndogo. Kijani, mchezaji amewasha utangazaji wetu. Nyekundu, ameuzima.

Gemu lenyewe lilikuwa zuri, sitaki kulinyima haki yake. Jasho liliteleza mgongoni, kamba za ulingo zilivutika na kurudi, na mtu akitupwa nje, watazamaji wa mstari wa mbele walikwepa. Wageni walipapasa kila kitu. Walivisha wapiganaji mavazi ya ziada, wakajaribu ule ulingo wa mbao ambao mbao zake zilivunjika kweli. Utangazaji wengi hawakuujali. Baada ya nusu saa nilikuwa na taa nane za kijani na kumi na mbili nyekundu. Vidole aliuzima kabla hata ya kukaa.

Mzee Kengele alikuwa amesimama nyuma yangu na koti lake la kijani. Aliziona taa, na uso ukamshuka. Mkewe, karibu na mlango, alikuwa anamtazama yeye, si taa.

Wakati huohuo, kwenye runinga ya mwandishi wa gazeti, pande la mtu lenye ndevu hadi kifuani liliangushwa chali katikati ya ulingo. Refa akapiga magoti, akaanza kuhesabu. Na sauti ya mzee ikatoka, si ile ya ulingoni, ni ya chini, ya mtu aliyeishiwa pumzi:

"Inuka, mke wangu. Bado hujashindwa. Mimi nipo hapa."

Lile pande la ndevu likainuka.

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka mwalimu wa hesabu akaweka pedi chini na kushika mbavu. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nilijua mara moja ni siku ile ya godoro, ni kipande nilichokisikia neno la kwanza tu. Mzee aliziba uso kwa mikono miwili.

"Mbona kwangu hasemi?" dada mmoja wa simu akauliza.

"Umeuzima," jirani yake akamjibu. "Washa, halafu jiangushe!"

Taa ikageuka kijani, na nyingine, na nyingine. Wakaanza kujiangusha kwa makusudi, wanamieleka wakubwa wakubwa, na mzee akawa anawaita wote mke wake. Nilidhani wakishacheka watauzima tena. Hawakuuzima. Kile kipande kiliwafanya wasikilize, na waliposikiliza wakakuta vingine elfu nne na ushei, na ilipofika saa sita watu wazima walikuwa wanasimama kwenye viti na kumjibu mzee kana kwamba yuko ulingoni. Vidole naye aliwasha. Mwisho taa za kijani zilikuwa kumi na saba.

Kijana yule alipita kwa mzee wakati wa kutoka, akampa mkono.

"Shikamoo, mzee. Yule mke, aliinuka?"

"Marahaba. Aliinuka," mzee akasema. "Yule pale mlangoni."

Mwakilishi akafunga daftari lake na kusema kifurushi kitatoka pamoja na gemu. Nikamshika mzee bega, mimi nisiyeshika watu mabega, na nilifurahi kweli, nilifurahi mpaka nikasahau kosa langu. Mwakilishi hakulisahau. Akasema faili za mwisho zinaondoka siku ileile, kwa hiyo mzee aamue papo hapo kama kile kipande kibaki au kitoke.

"Kitoke," mzee akasema bila kufikiri. "Binti, kifute. Mtangazaji hana mke ulingoni. Miaka ishirini na sita sijachanganya kazi na nyumba."

Nikavuta kibodi. Mama alikuwa ameshafika mezani, mkoba mkononi.

"Kifute tu, baba watoto, kama kinakuaibisha," akasema kwa upole. "Ila tumeoana mwaka wa thelathini na moja huu, na hilo neno 'mke wangu' ndiyo kwanza nalisikia kwako. Siku ile sikulisikia, godoro lilikuwa limeniziba masikio."

Mzee Kengele alimtazama mkewe, akaitazama sakafu, akalegeza tai.

"Kibaki," aliniambia hatimaye. Halafu ufundi wake ukamrudia. "Lakini kile si kizuri. Pumzi zinasikika, na springi za godoro zinalia. Kama ni kubaki, nikiseme vizuri."

Mwakilishi akatupa robo saa. Tukapanda juu, mzee akaingia chumbani na mama akakaa nami nyuma ya kioo. Safari hii hapakuwa na godoro wala karatasi. Mzee alimtazama mkewe kupitia kioo, akasema maneno yale polepole hadi mwisho. Hakumeza neno, na sindano zilikaa pale ninapozipenda. Nikamnyanyulia kidole gumba.

"Mwambie arudie," mama akasema, macho yake hayajatoka kwenye kioo.

"Mama, hiyo ilikuwa safi."

"Najua. Mwambie arudie."

Alirudia mara kumi na moja, nami nikazirekodi zote.