Mstari wa Kumi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mkuu wa mawasiliano ya kisasa mjini Shinyanga. Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Ofisi yangu ilikuwa kona ya duka la vifaa vya ujenzi la tajiri mmoja wa Kihindi, katikati ya misumari na mifuko ya saruji. Seva ya barua pepe ilikuwa kompyuta kuukuu ambayo Dar walishaichoka: kioo cheusi, maandishi ya kijani, mfumo wa kizamani usiojua hata kipanya ni nini. Mara mbili kwa siku ilipiga simu Dar kupeleka barua, na mara mbili kwa siku laini ilikatika barua zikiwa njiani.

Nikatumia akili zangu nyingi. Niliiamuru seva ikate kila barua baada ya mstari wa kumi, ili zipite upesi kabla laini haijakatika. Zikapita. Nilitembea mjini kifua mbele.

Nilisahau jambo dogo tu, kwamba nilikuwa naishi na watu wenye adabu.

Mama mmoja alitoka kijijini Mwakitolyo kuja kumwandikia mwanawe aliyekuwa chuoni Dar. Hakujua kusoma, hivyo yeye alisema, mimi nikachapa. Alisalimia. Akamsalimia kwa niaba ya shangazi, majirani, na nadhani hata ng'ombe. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni kwako tu. Kwenye mstari wa kumi na mbili ndipo alipofika kwenye “ila”: ila baba yako anakohoa damu, anataka kukuona.

Majibu yalikuja baada ya siku tatu. Nikamsomea: “Nimefurahi kusikia nyote hamjambo. Nitakuja Desemba.”

“Hajamuulizia baba yake?” mama akasema.

Nikausingizia mtambo. Mtu mzima, nikausingizia mtambo.

“Basi andika tena, baba. Anza na salamu.”

Nilimsomea salamu zote kwa sauti, lakini nilichochapa ni maneno manne: Baba anaumwa sana. Njoo.

Kijana alishuka kwenye treni, akaja moja kwa moja dukani, macho yamevimba.

“Shikamoo. Mmezika lini?”

“Nani kakwambia amekufa?”

“Mama yangu hawezi kuniandikia bila salamu.”

Nikamwambia baba yake yu hai, anamsubiri. Akakaa juu ya mfuko wa saruji, akalia upya, na mimi nikakosa pa kuangalia.